Umewekewa kifaa cha moyo: mwongozo wa kurudi kwenye shughuli zako hatua kwa hatua

Watu wengi hutoka hospitali na kifaa kipya kifuani wakiogopa visivyo na madhara na kudharau vyenye madhara. Mtu anaikimbia mikrowevu, anamkataza mtoto asiwashe televisheni kwa rimoti, halafu siku ya nne ananyanyua ndoo ya maji kwa mkono wa upande uleule wa kifaa. Mikrowevu haina neno naye. Ndoo inaweza kumrudisha chumba cha upasuaji.

Hatua zifuatazo zimepangwa kadiri mambo yanavyokuja: siku za kwanza, wiki za mwanzo, kisha maisha ya kawaida. Hospitali yako ikikupa sharti tofauti na lililoandikwa hapa, fuata la hospitali. Wao ndio wanaokijua kifaa chako na moyo wako.

Hatua ya 1: Jua umebeba nini

Kuna watu wanaokaa na kifaa miaka na miaka wakikiita tu "betri ya moyo". Nyumbani jina hilo linatosha. Mbele ya daktari wa dharura halitoshi, kwa sababu vifaa hivi si vya aina moja.

Pesimeka huusikiliza moyo na kuupa msukumo mdogo wa umeme pale unapopiga polepole mno au unaposimama kidogo. Kwa kawaida msukumo huo huwezi kuuhisi. Kifaa cha kushtua moyo huvizia mapigo ya kasi yanayoweza kuua, na kuyazima ama kwa misukumo ya harakaharaka au kwa shoti moja kali. Vingi vyake hufanya na kazi ya pesimeka. Aina ya tatu ina waya wa ziada unaofika upande wa kushoto wa moyo ili pande zote mbili zipige kwa pamoja. Hii huwekewa watu ambao moyo wao umedhoofika, na inaweza kuwa na shoti au isiwe nayo. Siku hizi kuna pia pesimeka ndogo kama kidonge kikubwa, isiyo na waya, inayokaa ndani ya moyo wenyewe, na kifaa cha kushtua kinachowekwa chini ya ngozi ubavuni, upande wa kushoto. Ikiwa una moja ya hizi mbili, masharti ya mkono katika hatua ya 3 yanaweza kuwa tofauti kwako.

Kabla hujatoka wodini, uliza na uandike: Je, kifaa changu kina shoti? Kimepangwa kisiruhusu moyo kushuka chini ya mapigo mangapi kwa dakika? (Kwa pesimeka mara nyingi ni 60, na wengine huwekewa idadi ya chini zaidi ya usiku.) Kama kina shoti, kinaanza kuingilia mapigo yakifika mangapi? Na je, kifaa pamoja na nyaya zake vinaruhusu kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kali?

Halafu dai kadi. Kadi ya kifaa huonyesha kiwanda, modeli, namba ya kifaa, nyaya zilizotumika, tarehe na hospitali. Ikae kwenye pochi, na picha yake ikae kwenye simu yako na ya mtu mmoja wa nyumbani. Ukianguka barabarani, ile kadi ndiyo itakayokusemea.

Hatua ya 2: Linda kidonda

Kovu huwa fupi, sentimita chache tu, chini ya mfupa wa mtulinga. Sehemu hiyo huvimba kidogo na kubadilika rangi, na maumivu hupungua siku hadi siku kwa dawa za kawaida za maumivu ulizopewa.

Weka kidonda kikavu mpaka utakapoambiwa kinaweza kupata maji. Kwa wengi ni kama wiki moja. Oga kuanzia kifuani kwenda chini, au jipanguse kwa kitambaa. Usipake krimu, poda wala mafuta, na usibandue ganda lililojishika. Kuogelea na kujilaza kwenye beseni la maji kusubiri hadi kidonda kifunge kabisa.

Piga simu kliniki siku hiyohiyo ukiona wekundu unaoenea, joto kwenye kidonda, usaha au majimaji, uvimbe unaokua, kingo zinazoachana, au homa. Usimezee tu antibayotiki ulizobakiza nyumbani. Maambukizi yakishaingia kwenye mfuko wa kifaa, mara nyingi tiba ni kukitoa kifaa chote pamoja na nyaya, na dawa za juujuu huficha tatizo bila kuliondoa. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali mtu asiye wa kliniki ya moyo auchome sindano uvimbe huo ili autoe damu. Sindano inaweza kuwa njia ya wadudu kuingia.

Hatua ya 3: Mkono, wiki 4 hadi 6

Hapa pana kazi kuliko hatua nyingine zote, na ndipo watu huteleza kwa sababu wanajisikia wamepona.

Nyaya hupitishwa kwenye mshipa ulio karibu na bega mpaka ndani ya moyo, na ncha zake zimeshikiliwa na skrubu ndogo au vijinanga laini. Mwili huchukua wiki kadhaa kujenga kovu linalozishika sawasawa. Kabla ya hapo, mvuto wa ghafla unaweza kuing'oa ncha. Dalili zake ni kurudi kwa kizunguzungu ulichokuwa nacho awali, kwikwi isiyokatika, au msuli wa kifuani au tumboni unaorukaruka wenyewe.

Kwa hiyo, kwa upande wa kifaa tu:

- Usiinue kiwiko juu ya bega. Vyombo vya kabati la juu, kamba ya kuanikia, kushika chuma cha basi: tumia mkono mwingine.
- Usibebe kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Mtoto mchanga wa miezi michache ameshapita hapo. Keti, uwekewe mapajani.
- Usivute wala kusukuma kwa nguvu. Mlango mzito, kamba ya kuwashia jenereta, kupiga deki kwa nguvu, kukamua nguo nzito.
- Usijiinue kitandani kwa kuegemea mkono huo. Geuka ubavu wa pili, shusha miguu, ndipo unyanyuke.

Kuvaa shati kuna namna yake. Keti. Ingiza kwanza mkono wa upande wa kifaa ukiwa umening'inia chini, vuta shati hadi begani kwa mkono mzima, lizungushe mgongoni, kisha ingiza mkono wa pili. Kuvua ni kinyume chake: mkono mzima hutangulia kutoka. Fulana za kuvalia kichwani zipumzike kwa muda, na mashati ya vifungo yafanye kazi.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Wapo wanaoogopa hadi wanaufunga mkono kifuani kama umevunjika. Usifanye hivyo. Bega lisilotumika hukaza, na bega lililokaza huuma kwa miezi, muda mrefu kuliko kidonda chenyewe. Kila siku, mara kadhaa, zungusha bega taratibu, kunja na kunjua kiwiko, peleka mkono mbele na nyuma bila kuvuka usawa wa bega. Kula, andika, piga mswaki kwa mkono huohuo kama ndio unaoutumia siku zote.

Usiku, lala chali au kwa ubavu wa pili ukiwa umeukumbatia mto mdogo. Baadaye, kidonda kikipona, unaweza kulala upande wowote usiokuumiza. Ukanda wa begi uhamie bega lingine. Sidiria ikigusa kovu, weka kitambaa laini katikati. Na mkanda wa gari uufunge kila safari. Kama unakwaruza, uwekee kitambaa. Kifaa si kisingizio cha kuacha mkanda.

Neno moja juu ya vidole. Kifaa huhisika chini ya ngozi, hasa kwa watu wembamba: kijisahani kigumu chenye ukingo wa mviringo. Vidole hukifuata bila mwenyewe kujua, hasa akiwa anawaza. Jizuie. Wapo waliokigeuzageuza hadi nyaya zikajisokota na kuchomoka. Kukigusa unapooga hakuna ubaya. Kukichezea kuna ubaya.

Hatua ya 4: Vyombo vya nyumbani

Kanuni ni mbili: umbali, na kutokawia. Kifaa huvurugwa na sumaku au umeme wenye nguvu ulio karibu sana nacho, na mara nyingi ukishasogea hurudi kufanya kazi kama kilivyopangwa. Sumaku kali ikiwekwa juu ya pesimeka hufanya ipige kwa kasi moja bila kuusikiliza moyo. Ikiwekwa juu ya kifaa cha kushtua huweza kuzima shoti kwa muda wote iliyo pale, nawe usijue. Ndiyo maana sumaku, hata ndogo, hustahili heshima kuliko friji.

Tumia bila wasiwasi: mikrowevu, friji, televisheni na rimoti, pasi, mashine ya kufulia, kompyuta, redio, intaneti ya Wi-Fi, feni. Viwe tu vizima, bila waya uliochunika. Shoti ya ukutani ni hatari kwa kila mtu, na kwako zaidi.

Weka sentimita 15 kati ya kifaa na simu. Ongelea sikio la upande wa pili, na usiiweke simu mfuko wa kifuani. Simu nyingi za sasa zina sumaku za kushikia chaja; Apple yenyewe inashauri zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya 30 simu inapochajiwa bila waya. Vipokea sauti vya masikioni na kasha lake vina sumaku pia: visining'inie kifuani wala kukaa mfukoni hapo. Vivyo hivyo beji zinazoshikwa kwa sumaku, spika ndogo, na mikufu ya sumaku inayouzwa kama tiba. Hiyo ya mwisho iache kabisa.

Simama mbali zaidi na vitu vichache. Jiko la induksheni, lile linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, huhitaji sentimita 60 kutoka kifuani, na si rahisi kuitunza nafasi hiyo ukiwa unakoroga. Kama una njia nyingine ya kupikia, itumie. Injini ya gari inayonguruma usiiinamie. Mashine ya kuchomelea vyuma ni kesi ya peke yake: anayeishi kwa kazi hiyo aongee na kliniki kabla ya kurudi kazini, kwa maana jibu hutegemea nguvu ya mashine na aina ya kifaa. Mizani inayopima mafuta ya mwili hupitisha umeme mwilini, hivyo pima uzito kwa mizani ya kawaida.

Ukiwa karibu na mashine yoyote ukahisi kizunguzungu au moyo unaenda mrama, usianze uchunguzi. Ondoka hapo kwanza.

Hatua ya 5: Milango ya ukaguzi na safari

Milango ya kuzuia wizi madukani: pita katikati kwa mwendo wako wa kawaida. Usiiegemee, wala usisimame hapo kupiga soga.

Uwanja wa ndege, onyesha kadi kabla hujakaguliwa. Kupita kwenye lango la kugundua chuma ni salama ingawa linaweza kupiga kelele. Kile kifimbo cha mkononi ndicho kisishikiliwe juu ya kifaa. Omba ukaguliwe kwa mikono. Dawa na kadi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na kabla ya safari ndefu uliza kliniki ni hospitali gani huko uendako inayoweza kukisoma kifaa chako.

Hatua ya 6: Mbele ya kila mhudumu wa afya, jitangaze

Sentensi ya kwanza kwa daktari yeyote, wa meno, wa macho, wa mifupa, iwe: "Nina kifaa cha moyo, kadi hii hapa." Eksirei, CT skani na ultrasaundi havina shida ya kawaida. MRI huwezekana kwa vifaa vingi vya sasa, lakini kifaa hupangwa upya kabla ya kipimo na kurudishwa baada yake, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kufanya hivyo. Upasuaji wowote unaotumia kisu cha umeme, tiba ya mionzi, na kuvunja mawe ya figo kwa mawimbi huhitaji mpango wa mapema. Tiba ya joto la mawimbi iitwayo diathemia, inayotumika katika baadhi ya vyumba vya mazoezi ya viungo, ikatae. Vile vidude vya kubandika vinavyotekenya misuli kwa umeme usivitumie bila idhini ya kliniki.

Kwa daktari wa meno, kifaa peke yake si sababu ya kumezeshwa antibayotiki kabla ya kung'olewa jino. Mwambie tu kipo.

Na dawa zako za presha, za moyo, za kuzuia damu kuganda: endelea nazo. Kifaa hakizichukulii nafasi.

Hatua ya 7: Kazi, gari, mazoezi, chumbani

Kutembea anza mara moja, kidogokidogo. Kazi ya mezani wengi huirudia ndani ya wiki moja au mbili. Kazi ya nguvu husubiri mkono upite wiki zake. Michezo ya kugongana na ngumi iache, kwa sababu pigo moja juu ya kifaa linatosha kuharibu. Kunyanyua vyuma vizito juu ya kichwa mara kwa mara kunaweza kuisaga waya kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Mwenye kifaa cha shoti ajue ile namba aliyoiuliza hospitali na afanye mazoezi akiwa chini yake kwa mapigo 10 hadi 20.

Sheria za kuendesha gari hutofautiana nchi na nchi. Uingereza, kwa mfano, mwenye pesimeka husubiri wiki 1. Aliyewekewa kifaa cha kushtua kwa ajili ya kinga husubiri mwezi 1, na aliyewekewa baada ya moyo kuvurugika hadi akashindwa kujimudu husubiri miezi 6. Madereva wa magari makubwa hubanwa zaidi. Uliza ya kwenu kabla hujashika usukani, na uiulize bima pia.

Tendo la ndoa halikatazwi na kifaa. Kama unapanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema kupita kiasi, moyo kwa kawaida unalimudu. Tafuteni mkao usioubana mkono wala kovu. Ikitokea shoti wakati huo, mwenzako anaweza kuhisi mtekenyo, hatadhurika. Watu wanaona haya kuuliza swali hili kliniki, kisha wanakaa mwaka mzima wakiogopana kitandani. Ulizeni.

Hatua ya 8: Mpango wa siku ya shoti

Pesimeka ya kawaida haina shoti. Mwenye hiyo aruke hapa. Waliobaki, andikeni mpango huu na kuubandika mahali pa wazi.

Shoti huja ghafla, na walioipata huisimulia kama teke la kifuani. Hupita kwa kufumba na kufumbua. Keti au lala chini. Shoti moja, na baadaye unajisikia vizuri: pigia kliniki siku hiyohiyo wasome kifaa. Shoti moja, lakini una maumivu ya kifua, unahema, umezirai au umechanganyikiwa: ita gari la wagonjwa. Shoti mbili au zaidi ndani ya saa 24: ita gari la wagonjwa hata kama unajisikia mzima. Usijiendeshe.

Wa nyumbani wajue hili: mtu akianguka, haamki wala hapumui kawaida, wasisubiri kifaa kimwokoe. Waite msaada, waanze kukandamiza kifua. Ipo mashine ya kushtua ya nje, waitumie, vibandiko vikae mbali na kifaa angalau sentimita 8. Kifaa chake cha ndani kikipiga shoti wakati wanamgusa, hakiwadhuru.

Baada ya shoti ya kwanza, hofu ya ya pili inaweza kuwa nzito kuliko shoti yenyewe. Wengine huacha kutembea au kuoga wakiwa peke yao, na wengine hushtuka usiku wakiapa kimepiga, lakini kikisomwa hakuna shoti iliyorekodiwa. Si uongo wala wazimu. Hali hiyo inajulikana na inatibika. Mwambie daktari, naye anaweza pia kuangalia kama kifaa kipangwe upya.

Mgonjwa akifika mwisho wa ugonjwa usiotibika, shoti inaweza kuzimwa bila upasuaji ili asisumbuliwe akikata roho. Ni vizuri familia ilizungumze mapema. Na kama mwili utachomwa, kifaa hutolewa kwanza, kwa sababu betri hulipuka motoni.

Hatua ya 9: Kliniki, hata ukijisikia mzima

Ukaguzi wa kwanza huwa wiki chache baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 12 kutegemea kifaa. Hauumi. Unaketi, mtaalamu anaweka kisomeo juu ya shati lako, na kwenye skrini yanatokea mambo ambayo kifaa kimekuwa kikiyaandika: betri imebaki kiasi gani, waya uko salama, moyo umejipigia wenyewe mara ngapi, usiku gani ulienda mbio. Kisha anakuambia, "Utahisi moyo unakimbia kidogo." Na kweli unakimbia, umekaa tu kwenye kiti, halafu anaurudisha. Anapima umeme mdogo kabisa unaotosha kuuamsha moyo, ili betri isipotee bure.

Ukipewa kisanduku cha kutuma taarifa kutoka nyumbani, kiweke karibu na kitanda kikiwa kimechomekwa. Jua tu kwamba si simu ya dharura. Hakuna mtu anayekitazama usiku kucha.

Nyumbani unaweza kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya ile idadi uliyopangiwa, hesabu tena baada ya kupumzika, maana mapigo ya ziada huwa dhaifu na kidole huyakosa. Yakibaki chini, piga simu. Ukizirai, au mkono wa upande wa kifaa ukivimba, usihesabu chochote, nenda.

Hatua ya 10: Betri ikielekea ukingoni

Betri hudumu takriban miaka 5 hadi 15, kutegemea aina na kazi inayofanya. Haizimiki ghafla kama tochi: kifaa hutoa ishara miezi kadhaa kabla, na ndiyo sababu nyingine ya kutoruka miadi. Arne Larsson, raia wa Uswidi aliyekuwa wa kwanza duniani kuwekewa pesimeka mwilini, tarehe 8 Oktoba 1958, cha kwake cha kwanza kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akaishi hadi 2001, na kilichomwua akiwa na miaka 86 hakikuwa moyo.

Betri haitolewi peke yake. Hubadilishwa kifaa kizima, na nyaya zikiwa nzima huachwa palepale na kuunganishwa na kipya. Kwa hiyo mkono hauna kifungo kirefu kama mwanzo, lakini kidonda ni kipya, na hatua ya 2 inaanza upya neno kwa neno. Hatari ya maambukizi safari hii huwa kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Kabla ya kutoka hospitali dai kadi mpya, futa picha ya ile ya zamani kwenye simu zote mbili, na uulize tena yale maswali ya mwanzo, kwa kuwa kifaa kipya kinaweza kuwa kimepangwa tofauti.